Kutoka Kipande hadi Seva: Historia ya Faragha katika Ufuo wa Ziwa Viktoria

Faragha, yaani haki ya mtu kuamua ni nani atakayezijua habari zake na atazitumia kwa kazi gani, huzungumzwa siku hizi kana kwamba ni suala lililoletwa na intaneti, linalowahusu waandishi wa programu za kompyuta na mawakili wa mijini peke yao. Katika ufuo wa Kenya wa Ziwa Viktoria, hata hivyo, suala hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na waliolisimamia mwanzoni walikuwa walimu wa shule za misheni, wakulima na vibarua. Historia yake ni historia ya daftari: nani aliandikwa, nani aliandika, na zaidi ya yote nani aliruhusiwa kulifungua na kulisoma.

Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani mnamo Desemba 1901, mahali palipoitwa na Waingereza Port Florence na ambapo baadaye palirudia jina la Kisumu, serikali ya kikoloni iliwajua wenyeji wa Nyanza, yaani mkoa wa ufuo huo, kwa njia moja kuu, nayo ni kuhesabu nyumba zao kwa ajili ya kodi. Nyumba haihami, na aliyeihesabu alitosheka kujua iko kwa chifu yupi. Walowezi walipoanza kudai vibarua wa mashambani, na reli ikahitaji mikono yake, hesabu hiyo haikutosha tena, kwa sababu kibarua ana miguu, na akichoshwa na mwajiri hurudi kwao. Ndipo ikatungwa Sheria ya Usajili wa Wenyeji ya mwaka 1915, ambayo utekelezaji wake ulicheleweshwa na Vita Vikuu vya Kwanza, vita vilivyowachukua maelfu ya vijana wa Nyanza kuwa wapagazi wa jeshi, na ikaanza kufanya kazi vita vilipokwisha.

Sheria hiyo ndiyo iliyoleta kipande. Kila mwanamume Mwafrika aliyekadiriwa kuwa amefikisha umri wa miaka 16 alipaswa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake, makao yake na alama za vidole vyake, na karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichofungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Humo mwajiri aliandika tarehe ya kuanza kazi, aina ya kazi na mshahara, kisha siku ya kuondoka akatia sahihi kuonyesha kwamba mtu ameachiliwa. Asiyetiwa sahihi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na aliyekutwa barabarani bila kikebe alitozwa faini au kufungwa. Nakala ya habari hizo ilihifadhiwa Nairobi pamoja na alama za vidole, hata kibarua aliyetoroka shamba akajificha kwa ndugu zake aliweza kutafutwa kwa namba yake. Ukitazama muundo wake, kipande kilikuwa na sehemu zote za kanzidata ya leo, yaani hifadhi ya kumbukumbu iliyopangwa ili itafutwe kwa haraka: namba isiyofanana na nyingine, alama ya mwili isiyoweza kubadilishwa, na ofisi kuu inayounganisha vyote viwili. Kilichokosekana ni haki yoyote ya mwenyewe. Wengi hawakuweza hata kusoma kilichoandikwa juu yao, na mshahara mdogo ulioandikwa na mwajiri wa kwanza ukawa kipimo cha mwajiri wa pili.

Upinzani haukuchelewa. Tarehe 23 Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, katika eneo la Gem, chini ya uongozi wa walimu waliosomea shule ya misheni ya Maseno, akiwamo Jonathan Okwiri aliyekuwa mwenyekiti wa Young Kavirondo Association, na harakati yao ikajulikana kwa Kijaluo kama Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Walidai kupunguzwa kwa kodi, kufungwa kwa kambi za kazi za lazima, kurudishwa kwa hadhi ya nchi lindwa baada ya Kenya kufanywa koloni mwaka 1920, na pia kuondolewa kwa kipande. Gavana alikutana nao Nyahera, karibu na Kisumu, mnamo Julai 1922; kambi zikafungwa na kodi ikapunguzwa, lakini kipande kikabaki. Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa, kwa kuwa yanaonyesha serikali ilithamini nini: ilikubali kupoteza fedha na hata nguvu kazi ya bure kabla ya kukubali kupoteza uwezo wa kumjua na kumfuatilia kila mtu.

Kipande kilidumu hadi sheria mpya ya mwaka 1947 iliyowataka watu wa rangi zote waandikishwe kwa alama za vidole. Walowezi wa Kizungu, ambao kwa karibu miaka 30 hawakuona ubaya wowote wa alama hizo kwa Waafrika, walilalamika kwamba wanafanywa kama wahalifu, na tume iliyoundwa kusikiliza malalamiko yao ikawapatia njia nyingine, ya picha na sahihi. Hapakuwa na ushahidi wa wazi zaidi ya huo kwamba faragha ilitambuliwa vyema kama haki, ila haikugawiwa kwa usawa. Baada ya uhuru kitambulisho kiliendelea kuwa cha wanaume hadi sheria iliporekebishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kuwaingiza wanawake, na wapo ambao dhiki yao haikuwa kuandikwa bali kutoandikwa. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, ambao wengine wao wanaishi Kibos kando ya Kisumu, wamelazimika kwa miongo mingi kuhojiwa na kamati kuhusu asili yao kabla ya kupewa kitambulisho ambacho jirani yao hukipata kwa kujaza fomu.

Sura iliyo tofauti kabisa ilifunguliwa na watafiti wa afya. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ikishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ilifanya katika miaka ya 1990 jaribio kubwa la vyandarua vilivyotiwa dawa huko Asembo na Gem katika Siaya, Gem ile ile ya mkutano wa 1921. Katika kazi hiyo mahali pa kila boma palipimwa kwa GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoonyesha sehemu kwa usahihi wa mita chache, na ramani hiyo ndiyo iliyowezesha ugunduzi ambao macho yasingeuona: watoto wa maboma yasiyo na vyandarua, lakini yaliyo ndani ya mita 300 hivi kutoka maboma yenye navyo, nao walikingwa, kwa sababu mbu wenyewe walikuwa wakifa. Kuanzia 2001 eneo hilo likawa chini ya ufuatiliaji wa kudumu, ambapo wahojaji walizunguka kila baada ya miezi kadhaa wakiandika nani amezaliwa, nani amehamia na nani amefariki, na pakitokea msiba waliwauliza jamaa, baada ya muda wa kuomboleza, dalili alizokuwa nazo marehemu ili chanzo cha kifo kikadiriwe. Karatasi zilipisha kompyuta ndogo za mkononi, na watu zaidi ya 200,000 wa Siaya wakawa miongoni mwa wanaojulikana kwa undani zaidi barani Afrika. Hapa kuandikwa kulirudisha kitu bomani: idhini iliombwa, jina lilitenganishwa na namba ya utafiti, na matokeo yakaonekana katika uhai wa watoto.

Ugumu ulikuwa mkubwa zaidi upande wa virusi vya UKIMWI, ugonjwa ulioathiri Nyanza kuliko sehemu nyingine zote za Kenya, kwa kuwa faili iliyoachwa wazi juu ya meza ya kliniki iliweza kuvunja ndoa. Programu ya OpenMRS, iliyoanza kuundwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret mwaka 2006, ilijengwa kwa msimbo huria, yaani maagizo ya programu yanayoweza kusomwa na kukaguliwa na yeyote, na juu yake ikajengwa KenyaEMR iliyosambazwa katika vituo vya umma, vya Nyanza vikiwamo. Umuhimu wake kwa faragha ni kwamba kila mhudumu huingia kwa jina lake na kuona kile tu ambacho kazi yake inaruhusu. Hata hivyo programu nzuri haimzuii mwenye amri. Mnamo Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za wanafunzi wenye virusi, na fomu iliyotolewa ikataka majina. Mashirika ya kutetea haki yakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinacholinda faragha, pamoja na maslahi ya watoto.

Mwaka uliofuata swali la nani afungue daftari lilifika kwenye kilele cha siasa. Chris Msando wa Siaya, aliyesimamia teknolojia katika tume ya uchaguzi, aliuawa mwishoni mwa Julai 2017, siku chache kabla ya kura ya tarehe 8 Agosti. Upinzani ulioongozwa na Raila Odinga ulipopinga matokeo, Mahakama ya Juu iliamuru uruhusiwe kukagua seva, yaani kompyuta kuu zinazohifadhi na kugawa data, hasa kumbukumbu zake za matumizi, ambazo programu huziandika yenyewe kuonyesha nani ameingia, saa ngapi, na amebadilisha nini. Tume haikutekeleza amri hiyo kikamilifu, na kukaidi huko kukawa moja ya sababu za kufutwa kwa uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba. Maneno ya kitaalamu ambayo hapo awali yalibaki maabara yakaingia sokoni na kwenye matatu, na wito wa kufungua seva ukawa wa umma mzima.

Ni katika hali hiyo ya kutoaminiana ambapo Huduma Namba, mpango wa kuunganisha habari zote za mtu chini ya namba moja, ulizinduliwa Aprili 2019 kabla ya kuwapo sheria ya kulinda data. Wanubi, ambao walijua vyema maana ya kuachwa nje ya sajili, walikuwa miongoni mwa walioshtaki. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza ukusanyaji wa DNA na wa vipimo vya GPS vya makazi, vipimo vile vile vilivyokuwa vimewanufaisha watoto wa Asembo, na tofauti ilikuwa katika masharti: kazi ya watafiti ilikuwa na lengo linalotajwa na idhini inayoombwa, ilhali ya serikali haikuwa na mipaka iliyoandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyotiwa sahihi Novemba 2019 kesi ikiendelea, inampa kila mtu haki ya kuarifiwa matumizi ya habari zake, kuziona, kuzipinga, na kutaka zisahihishwe au zifutwe. Oktoba 2021 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba hata utoaji wa kadi za Huduma ulikiuka sheria, kwa kuwa serikali ilikuwa haijafanya tathmini ya athari za mpango huo kwa faragha, na ikaamuru tathmini hiyo ifanywe kwanza.