Ngano ya Njoro na Vita vya Kutu

Mwaka 2027 kituo cha utafiti wa ngano cha Njoro, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kitatimiza umri wa miaka 100, na endapo serikali na wenye viwanda vya unga watauacha mwaka huo upite pasi na taadhima yoyote, watakuwa wamekidhulumu kituo ambacho manufaa yake yamevuka bahari.

Aghalabu habari za ngano ya huko huanzia kwa Lord Delamere, Mwingereza ambaye Elspeth Huxley alimweleza kwa urefu katika White Man's Country, kitabu cha mwaka 1935 ninachokifuata hapa ingawa kinamtukuza mno bwana huyo. Serikali ya kikoloni ilimkodisha eka 100,000 kwa miaka 99, zama zile zile ambapo Wamasai, kwa mapatano ya mwaka 1904, walikuwa wakiondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa. Kondoo wake wakafa kwa upungufu wa madini katika majani ya Njoro, ng'ombe nao wakaangamia kwa maradhi; ndipo akageukia ngano, akalima zaidi ya eka 1,000.

Ngano ilistawi, kisha ikaingia kutu. Huanza kwa vidoa katika majani na mabua, na ukipitisha kidole juu yake hubaki unga wa rangi ya chuma kilicholiwa na mvua, na kila chembe ya unga huo ni mbegu ya ukungu iwezayo kuchukuliwa na upepo toka nchi hata nchi; mmea hunyonywa chakula chake, punje zikasinyaa, na mkulima akavuna makapi. Delamere, badala ya kukata tamaa, alijenga maabara shambani na kumwajiri mtaalamu, G. W. Evans, aliyechanganya ngano za Australia, Italia na Misri. Kazi hiyo yataka subira kubwa, maadamu ngano hujichavusha yenyewe: hapana budi kulifungua suke likali bichi, kung'oa kwa kibano viungo vya kiume vya ua moja baada ya jingine, kulifunika kwa mfuko wa karatasi, kisha kuliletea chavua ya ngano nyingine, na baada ya hapo kuchagua kizazi baada ya kizazi, ilhali ukungu nao hauachi kuzaa koo mpya zenye kuivunja kinga iliyopatikana kwa taabu. Vitabu humtaja Delamere na Evans. Mikono iliyolima, ikapalilia na kuvuna ilikuwa ya vibarua Waafrika, nao wanastahili sehemu yao ya sifa.

Mwaka 1908 ikaundwa Unga Limited ili kusaga mavuno, na mwaka 1927 serikali ikafungua kituo chake Njoro. Mbegu za Kenya zikasafiri hata Meksiko, ambako Norman Borlaug, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, aliichanganya ngano ya Kenya na Mentana ya Italia, akapata Kentana 48. Ni Wakenya wangapi waliofundishwa shuleni jambo hili?

Mwaka 1998 ikagunduliwa Uganda kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyoshinda kinga iliyotegemewa na ngano nyingi za dunia. Mwaka 2001 ilikwisha kufika Kenya. Borlaug, akiwa na umri wa miaka 91, alikuja Nairobi mwaka 2005 kuuonya ulimwengu, na Njoro ikatoa aina zenye kustahimili, kama Robin na Eagle 10.

Nchi yenyewe, hata hivyo, huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoila, Urusi na Ukraine zikiwamo miongoni mwa wauzaji, wakati wataalamu wa mataifa mengi hupeleka mbegu zao kupandwa Njoro ili zijaribiwe mbele ya kutu kabla ya kukabidhiwa wakulima wa kwao.