Shimo Hili ni la Nani?

Mvua ya Aprili ilikuwa imekatika tu. Boda niliyopanda ilitoka kwenye lami karibu na Kamukuywa, ikaingia barabara ya udongo, na baada ya dakika tano tukakwama. Mbele yetu mzee mmoja alikuwa anajaza shimo kwa mawe na vipande vya matofali. Alikuwa na jembe na karai, na kofia aliyoiweka chini ili anayepita atupe chochote. Jamaa wa boda akatupa ishirini.

Nikamuuliza mzee kwa nini kaunti haiji kuziba. Akacheka.

"Kijana wangu, kaunti inasema ni ya serikali. Serikali inasema ni ya kaunti. Mimi najua ni mahindi yangu yanapita hapa."

Nilidhani huo ni utani wa kawaida wa vijijini. Lakini nilipoanza kusoma historia ya barabara za upande huu, niligundua swali la mzee lina zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze 1912. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka huo ilimpa chifu nguvu za kuita wanaume kufanya kazi za jamii, barabara zikiwemo, hadi siku 6 kila miezi mitatu. Hizo ni siku 24 kwa mwaka, bila malipo. Na usifikiri hiyo kazi ilikufutia kodi ya kibanda. Kodi ulilipa, na jembe bado ulibeba.

Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ikaruhusu Mabaraza ya Wenyeji. Bungoma ya leo ilikuwa chini ya Baraza la Kavirondo Kaskazini, makao yake Kakamega. Baraza lingeweza kutoza ushuru wake na kuutumia kwa shule, zahanati na barabara, ila mwenyekiti alikuwa DC. Watu walichanga, mkoloni akashika kalamu.

Ng'ambo ya mto Nzoia mambo yalikuwa mengine. Jina Trans Nzoia lenyewe maana yake ni hiyo, ng'ambo ya Nzoia. Huko ardhi ilikuwa imegawiwa masetla, wengi wao wanajeshi waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kubeba mahindi yao. Sheria ya 1928 ikawapa masetla halmashauri zao za wilaya, na kazi yao kubwa ilikuwa barabara. Hela zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilikuwa ruzuku ya serikali kuu. Na serikali kuu ilijazwa na nani? Kodi ya mapato haikusimama Kenya hadi 1937. Kodi ya kibanda ilikuwepo muda wote huo. Kwa hiyo mkulima wa Kimilili angeweza kulima barabara ya kwao bure, kisha kodi yake ikasaidia kutengeneza barabara ya setla wa Kitale.

Na hata alipouza mahindi hakupona. Wakati wa Vita vya Pili bei ya gunia ilipangwa na serikali, na gunia la Mwafrika lililipwa chini ya la setla. Ushuru wa mazao, hii ambayo wakulima mpaka leo wanaiita sesi, ukawa njia ya kawaida ya kukusanya hela za maendeleo. Ukipitisha gunia, unaacha kitu.

Uhuru ulipokuja 1963, mabaraza ya kaunti yalibeba shule za msingi, afya na barabara, yakitegemea sana kodi ya kichwa. Mengi yakazama kwenye madeni. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Uhamisho wa Majukumu ya 1969, na kuanzia Januari 1970 kazi hizo tatu zikarudi Nairobi. Miji saba tu ndiyo iliyoachiwa: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Thika, Eldoret na... Kitale.

Soma tena hapo. Kitale, mji wa masetla, ukabaki na barabara zake. Bungoma ikanyang'anywa. Halmashauri ya Kaunti ya Bungoma ikabaki kukusanya ushuru wa soko na sesi, huku greda ikisubiri neno la wizara. Si kwamba Kitale iliponea. Kodi ya kichwa nayo baadaye ilifutwa, na manispaa ikabaki ikitegemea sana kodi za viwanja na ada za soko. Kuachiwa mzigo bila pochi nako si zawadi.

 Sheria ya 1993 ndiyo iliyoleta tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara. Bodi ya Barabara Kenya ikaundwa kwa sheria ya 1999 kuisimamia. Sheria ya 2007 ikazaa mashirika matatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa miji, KeRRA kwa mashambani. Kisha Katiba ya 2010 ikasema barabara za kaunti ni za kaunti. Mwaka 2016 orodha ikachapishwa: karibu kilomita 161,000 nchi nzima, na zaidi ya 121,000 kati ya hizo zikaitwa za kaunti.

Barabara zikaenda, lakini KeRRA haikuenda, na wala pesa zote hazikuzifuata. Kwa miaka kadhaa kaunti zilipata asilimia 15 ya tozo, kisha bomba likafungwa. Katika bajeti ya 2024/2025, shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo zikawapeleka magavana na wabunge mahakamani. Mbunge anataka greda ipite kwa jina lake. Gavana vilevile. Mzee anajaza mawe.

Sasa hesabu ndogo. Tangu Julai 2024 tozo ni shilingi 25 kwa lita, kutoka 18. Mwaka uliofuata, 7 kati ya hizo zikawekwa rehani ili kulipa madeni ya wakandarasi. Jamaa wa boda anayechoma lita mbili kwa siku analipa 50. Akifanya kazi siku 300, hiyo ni 15,000 kwa mwaka. Igawanye kwa zile siku 24 za mwaka 1912: unapata 625 kwa siku, pesa isiyo mbali na kibarua cha mjengo. Yaani bado tunazifanya zile siku. Tofauti ni kwamba babu zetu walijua ni barabara gani wanalima.

Ndiyo maana tunapoambiwa "hakuna bajeti", jibu la kwanza lisiwe matusi kwenye simu. Kwenye mikutano ya bajeti ya wadi, ambayo vijana tunawaachia wazee na wapambe wa MCA, uliza vitu vitatu: barabara hii imeandikwa ya nani? Mwaka huu imetengewa ngapi? Sesi ya magunia yanayopita hapa imeenda wapi? Asiyekuwa na jibu aandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba hakuwa nalo.

Jioni tulirudi njia ileile. Shimo lilikuwa limejaa, na mzee ameenda. Tulipofika kwenye lami, jamaa wa boda akasimama petroli, akaweka lita mbili. Hamsini ikaenda zake. Ile ishirini ya asubuhi, angalau, aliiona ikigeuka mawe.