Nani Hayupo?

Mjukuu wangu ana miaka saba na anataka paka. Ameshamchagua: ni yule wa kijivu, mkia umekatika nusu, anayelala chini ya tangi la maji nyuma ya nyumba hapa Bula Iftin, Garissa. Mama yake anasema mtoto bado mdogo. Baba yake anasema paka si mzigo, atajitafutia panya. Kesi wakaniletea mimi barazani, nikiwa na chai yangu ya maziwa ya ngamia, kana kwamba nimekuwa kadhi.

Kilichonishangaza si paka, ni swali lenyewe. Nilipokuwa na umri wake, huko upande wa Balambala, hakuna aliyeuliza kama mtoto apewe mnyama. Mnyama ulikuwa naye tangu siku ya kitovu. Swali lilikuwa jingine, na jibu lake lilichukua miaka: lini utaachiwa umchunge peke yako?

Desturi hiyo kwa Kisomali ni xuddunxir, kufunga kitovu. Mtoto akizaliwa hutajiwa mnyama. Mvulana wa nyumba yenye uwezo hutajiwa ngamia jike, msichana akipata basi mara nyingi ni mbuzi au kondoo, na nyumba maskini hutaja ilicho nacho. Majirani zetu Waborana wana yao, handhuura, na jina hilo nalo ni la kitovu. Mnyama huyo na uzao wake ni mali ya mtoto. Hakuna karatasi, ni maneno tu, lakini boma zima linayajua maneno hayo kuliko anavyoyajua mwenye mali, ambaye wakati huo ananyonya.

Mimi nilizaliwa 1962 nikatajiwa mbuzi mweupe. Sura yake siikumbuki. Desemba 28, 1963, majuma mawili tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika mkoa wetu, vita vya Shifta vikatukuta katikati. Kufikia 1966 watu walikuwa wanakusanywa katika vijiji vya ulinzi, na mfugaji aliyefungiwa kijijini ni sawa na mvuvi aliyenyang'anywa bahari. Mifugo ilitaifishwa, ikapigwa risasi, mingine ikafa kwa kukosa malisho karibu na ua. Waborana huziita siku zile gaf daba, wakati wa kusimamishwa. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalipomaliza vita, ngamia wa baba hawakuwepo tena.

Lakini bibi yangu, ayeeyo, alikuwa na daftari lake kichwani. Jamaa wa Saka walipotupa mbuzi watano wa kuanzia, alisema mbele ya wote kwamba jike wa kwanza kuzaliwa ni wangu, kwa sababu nilikuwa nawadai baba na serikali. Serikali haijalipa mpaka leo. Baba alilipa. Ndivyo nilivyompata Caddey, maana yake Mweupe, ingawa alikuwa na doa jeusi puani.

Kuwa wangu hakukunipa ruhusa ya kumchunga. Kila mtoto alianza na maqal, yaani vile vitoto vya mbuzi na kondoo vinavyobaki nyumbani mama zao wakienda malishoni. Ukifika miaka mitano au sita unakaa navyo kwenye kivuli cha mgunga, mahali ambapo sauti ya nyumbani inasikika. Baadaye ndio mbuzi wakubwa. Ngamia walikuwa kazi ya wavulana waliokwisha kukomaa, maana ngamia huweza kukaa siku nyingi bila maji na malisho yake yako mbali na kisima, mbali na mama. Na kulikuwa na hesabu nyingine ambayo watu wa nje hawaioni. Mbuzi hubeba mimba miezi 5. Ngamia hubeba mwaka mzima na zaidi, akazaa mmoja. Uzembe wa mtoto juu ya kitoto cha mbuzi ulirudishwa msimu ujao. Uzembe juu ya ngamia uliirudisha nyumba nyuma miaka.

Mtihani ulikuwa jioni. Kundi likirudi, vumbi limesimama, mama wanalia, vitoto vinalia, na ayeeyo amesimama mlangoni mwa zizi la miiba. Hakuwa na haraka. Aliuliza swali moja tu: "Yaa maqan?" Nani hayupo?

Hakutaka idadi. Ukimwambia wako thelathini na wawili alinyamaza kama vile hukusema kitu. Alitaka umwambie kwamba yule wa sikio lililochanika hayupo, au kwamba pacha wa kahawia yupo lakini leo hakukimbilia titi, na mtoto asiyekimbilia titi ana jambo. Mtoto aliyehesabu aliambiwa bado. Mtoto aliyeona pengo bila kuhesabu, huyo alianza kusogezwa mbele. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na sijapata kuona mtihani unaofichua zaidi.

Mimi nilifeli. Jilaal ya mwaka nilipokuwa na miaka minane, ule ukame mkali wa Januari hadi Machi, nililala kivulini na mbweha akachukua kitoto cha Caddey. Nilijua nani hayupo kabla sijaulizwa. Nilitarajia kiboko. Ayeeyo hakunigusa. Usiku alinihamisha mkeka, akanilaza kando ya zizi. Caddey alilia mpaka alfajiri, titi limejaa limekuwa gumu kama jiwe, na mimi ndiye niliyeamshwa kulikamua kidogo kidogo ili lisiharibike. "Anakuuliza," bibi aliniambia. "Mjibu." Nilirudishwa kwenye maqal mwaka mzima, pamoja na watoto wa miaka mitano.

Duksi nako, yaani chuo cha Kurani, maalim alikuwa na visa viwili alivyopenda kutusimulia tukiwa na mbao zetu mapajani. Cha kwanza ni cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Cha pili ni cha Abu Umayr, kaka mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege alipokufa, Mtume alimkuta mtoto ana huzuni na akamuuliza habari za ndege wake kwa utani mpole. Wanazuoni wametoa mambo mengi katika hadithi hiyo fupi, mojawapo ni kwamba mtoto anaweza kufuga ndege mradi asimtese. Sisi kilichotugusa ni kwamba mtu mkubwa kiasi kile alikuwa anamjua ndege wa mtoto kwa jina.

Wakati huohuo, juu zaidi ya Mto Tana, ng'ambo, kulikuwa na mzungu wa simba. Ni George Adamson wa Kora, Baba ya Simba, aliyeuawa na majangili Agosti 20, 1989. Nilipokuwa mkubwa ndipo niliposoma kisa cha Christian, simba aliyeuzwa akiwa mtoto katika duka la Harrods, London, mwaka 1969. Vijana wawili wa Australia walimnunua, wakamfuga kwenye duka la fanicha mpaka akawa mkubwa kuliko duka, kisha akapandishwa ndege kuletwa kwa Adamson. Dunia nzima imelia ikitazama filamu ya siku walipokuja kumtembelea, mwaka 1971, naye akawarukia kuwakumbatia. Nami machozi yalinitoka, sikatai. Ila najua ayeeyo angesema nini: hawa hawakuwahi kupewa maqal.

Ngazi ile ya kupanda kutoka maqal hadi ngamia ilianza kuvunjika bila mtu kuivunja kwa makusudi. Mvua za El Niño za mwisho wa 1997 zilileta homa ya Bonde la Ufa, na Garissa ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mbuzi walitoa mimba makundi kwa makundi, watu wakafa. Tukaambiwa tusiguse vilivyotoka, tusinywe maziwa mabichi. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa, lakini kazi ya mtoto ilikuwa ni kushika vilevile. Homa ilirudi mwisho wa 2006. Katikati yake, mwaka 2003, ada za shule ya msingi ziliondolewa, na mimi mwenyewe nilipita boma hadi boma nikiwaomba wazazi walete watoto darasani. Waliletwa. Maqal akaachiwa mchungaji wa mshahara. Sijuti, ila sitasema hakuna kilichopotea. Kisha misimu mitano ya mvua ikakosekana mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na katika kaunti kavu za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Watoto wengi waliozaliwa miaka hiyo walitajiwa wanyama ambao hawakumaliza mwaka.

Mjukuu wangu naye ana mbuzi wake wa kitovu, yuko kwa jamaa upande wa Modogashe. Anamjua kwa picha ya simu.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya paka ilikuwa hii. Hatapewa, wala hatanyimwa. Kuna bakuli la plastiki chini ya tangi. Kila asubuhi, kabla hajanywa chai yake, atamwaga maji ya jana, atalisugua, atalijaza. Mama yake asimkumbushe. Na jioni baada ya magharibi nitamuuliza swali moja.

Siku tisa za kwanza alinijibu akikimbia, "Yupo, yupo," bila kutazama. Siku mbili bakuli lilikuwa kavu na nikanyamaza. Siku ya kumi na tano alikuwa na katuni, sauti imepandishwa hadi jikoni, na mimi nilikuwa bado kwenye msala wangu, sijamaliza tasbihi. Alikuja akasimama mbele yangu. Sikuwa nimeuliza.

"Ayeeyo, yule hayupo. Na maji hakuyagusa tangu asubuhi."

Nilimwambia alete tochi, na avae viatu, kwa sababu ya nge.