Ndege za Mafia na Manowari ya Rufiji, 1915
Magharibi mwa Kanga, kisiwani Mafia, ng'ambo ya bahari, ndiyo delta ya Rufiji, ilikojificha manowari ya Kijerumani, Königsberg. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakatengeneza kiwanja cha ndege kisiwani.

Tarehe 11 Julai waliruka kutoka hapo wanajeshi wao John Cull na Harwood Arnold. Cull aliendesha, Arnold alitazama makombora ya meli yao ya Severn, iliyoishambulia Königsberg, yanakoangukia, akituma masahihisho kwa redio. Ndege ikapigwa, injini ikaharibika. Hata wakishuka kuelekea mtoni, Arnold hakuacha kutuma. Ujasiri wa ajabu! Wote wawili waliokolewa.

Siku hiyohiyo Nahodha Max Looff aliamuru Königsberg izamishwe. Mizinga yake iliopolewa, ikaburutwa nchi kavu kwa jasho la Waafrika, jambo lisilostahili kusahauliwa. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.