Maotea, si Urudufishaji

Katika orodha mpya ya istilahi za ufundishaji wa programu, masomo yanayojitokeza mara mbili baada ya kozi ya mtandaoni kuboreshwa yameitwa "urudufishaji wa maudhui". Siwezi kulinyamazia. Neno hilo lina wenyewe: wanaisimu hulitumia kwa maneno kama polepole na pigapiga. Tena limebeba -ish- ya usababishi, inayodai mtendaji, yaani yupo aliyekaa akarudufisha. Katika kozi hayupo. Somo la zamani liliachwa ardhini, jipya likapandwa papo hapo, yakaota yote mawili.

Ndiyo maana natetea "maotea". Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanalijua: ni mimea inayochipua yenyewe kutokana na masalia ya msimu uliopita, nayo hutakiwa kung'olewa kwa kuwa huhifadhi wadudu. Mzizi wake ni ota ya mmea, si ota ya ndoto wala ya jua. Ikiingia -e- ya utendea tunapata otea, kuota mahali fulani. Ma- ikitangulia, nomino imetimia, haina deni kwa lugha yoyote ya kigeni. Haiulizi nani alifanya, inaonyesha tu pameota nini. Mwenzetu mmoja mwenye sauti kubwa katika vikao vya kuandaa orodha hiyo alidai wasikilizaji watadhani mshambuliaji wa soka ameotea. Otea hiyo ni ya kuvizia, kitenzi kingine kabisa. Kama kufanana kwa sauti kungekuwa kosa, tungezifuta kaa, paa na panda katika kamusi zetu. Hoja hii niliiwasilisha kwa maandishi. Sikujibiwa, na orodha ikachapwa bila kutaja kwamba pendekezo lilikuwepo. Hilo limeniuma, nami nasema wazi.

Tofauti kati ya maotea na somo linalorudiwa kwa makusudi si ya kupuuzwa. Lugha ya programu ya JavaScript, iliyokuwa ikitangaza vibadilika kwa var, ilipata let na const mwaka 2015. Kozi iliyoongezewa somo la let, huku lile la var likiachwa kama lilivyokuwa, ina maotea: mwanafunzi anafundishwa mara mbili kutangaza vibadilika, na somo moja linapingana na jingine. Lakini tovuti ya mafunzo ya freeCodeCamp ilipoupanga upya mtaala wake wa kubuni kurasa za wavuti mwaka 2022, ukurasa wa picha za paka uliokuwa katika masomo ya zamani ulirudi ukiwa mradi wa hatua kwa hatua. Huo umepandwa kwa makusudi. Na mazoezi ya kukumbusha yana jina lake tayari, marudio. "Urudufishaji" unayameza yote matatu.

Kwa matumizi: maotea hung'olewa, marudio huachwa, na aliyemaliza somo la zamani ahesabiwe amemaliza na jipya lenye maudhui yaleyale.

Orodha hiyo itakaporekebishwa, nadai "maotea" lijadiliwe kikaoni kwa hoja, na sababu za kulikataa, kama zipo, zichapwe.