Jua huku chini, maji kule juu

Vijana wenzangu, mgeni akifika Kasese anauliza hii joto inatoka wapi, na mlima wenye theluji uko pale. Mji uko bondeni. Mvua nyingi zinaishia kule juu Rwenzori. Kwa hiyo jua linaweza kuwaka mjini na mto ukashuka umejaa.

Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulivunja kingo. Ulibeba mawe makubwa, ukaingia hospitali ya Kilembe, ukabomoa nyumba na madaraja. Wengi walisema ni mvua tu. Lakini kiangazi cha 2012, mwezi wa pili, moto uliunguza majani na miti mlimani, udongo ukabaki uchi. Kwangu mimi, mafuriko yale yalianza na ule moto. (Na mgodi wa shaba ulikuwa umeshaacha marundo ya mabaki kando ya mto.)

Mei 2020, katikati ya Korona, Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha yote ilijaa. Watu wakalala kwenye madarasa ya shule zilizofungwa, wengine wakakaa miaka katika kambi ya Muhokya. Wenyeji hao, wakimbizi kwenye wilaya yao wenyewe! Hii wengi wetu hatukuijua.

Lhubiriha njo mto wetu, ule wa mpaka pale Mpondwe, ambapo tunafua. Mkiona maji yamegeuka rangi ya udongo na huku Karambi jua ni kali, toeni watoto kwanza. Nguo baadaye.