Mchezo unaowaandaa viongozi kabla ya maafa kubisha hodi

KABANGA ni mji mdogo wa mpakani wilayani Ngara, mkoani Kagera. Ng'ambo yake ni Kobero, Burundi, na malori yaendayo huko kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita kwanza Lusahunga, wilayani Biharamulo.

Katika mpaka wa namna hiyo, abiria mmoja mwenye homa kali akishuka kwenye basi, ofisa afya, ofisa uhamiaji, ofisa forodha na polisi hulazimika kutenda kama timu moja, ingawa kila mmoja ana mkuu wake wa kazi. Wenzao wa upande wa pili nao wana sheria zao.

Ngara inaijua gharama ya kushtukizwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 waliokimbia vita nchini mwao waliingia wilayani humo kupitia daraja la Rusumo katika muda wa takriban saa 24.

Swali ni namna gani timu inaweza kuizoea dharura kabla dharura yenyewe haijafika. Jibu mojawapo ni mchezo.

Mchezo huo si wa kujiburudisha. Ni igizo la tukio linaloweza kutokea, lenye kanuni, muda na majukumu, ambamo kiongozi hutoa uamuzi na kuyaona matokeo yake bila mtu yeyote kudhurika.

Asili yake ni jeshini. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alikamilisha mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani, na jeshi la nchi hiyo likautumia kuwafundisha maofisa wake. Mwaka 1970 msomi wa Marekani, Clark Abt, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi michezo ya aina hiyo inavyoweza kutumika shuleni, serikalini na viwandani.

Katika sekta ya afya, aina iliyo rahisi zaidi ni zoezi la mezani. Viongozi huketi pamoja na msimamizi huwapa habari kidogo kidogo: saa mbili asubuhi abiria ameanguka, saa tatu imebainika kuwa wenzake watatu wamekwisha kuvuka mpaka, saa nne uvumi umeenea sokoni.

Kila habari hudai majibu. Nani anampigia nani simu? Gari la wagonjwa liko wapi? Nani ana mamlaka ya kusimamisha magari, na nani atazungumza na wananchi? Mara nyingi ndipo hugundulika kuwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye mpango haitumiki tena, au kwamba ofisa wawili wanaamini jukumu moja ni la mwenzake.

Aina iliyo kubwa zaidi ni zoezi la uwandani, ambalo hutumia magari, mavazi ya kinga na watu wanaoigiza ugonjwa. Juni 11 hadi 14, 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, iliendesha zoezi la aina hiyo Namanga, katika mpaka wa Tanzania na Kenya. Mlipuko wa kubuni ulikuwa wa homa ya Bonde la Ufa, ambayo huwapata mifugo na binadamu, hivyo madaktari wa watu na wa wanyama walilazimika kufanya kazi pamoja.

Umuhimu wa maandalizi hayo ulionekana tena Kagera. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kwisha, Machi 13, 2025, wagonjwa wawili walikuwa wamethibitishwa na wengine wanane kuhesabiwa kuwa huenda waliugua. Wote kumi walifariki dunia.

Hata hivyo, kucheza mara moja hakutoshi. Ushahidi mzuri umetoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ambako mwaka 2010 watumishi walifundishwa kwa siku moja, kwa kutumia mwanasesere, namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Miezi saba baadaye walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini utendaji wao katika chumba cha kujifungulia ulikuwa haujabadilika.

Hospitali hiyo ikaanzisha mazoezi mafupi ya dakika chache, yanayorudiwa kila mara hapo hapo kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Utaratibu huo ulipanuliwa hadi vituo 30 katika mikoa mitano, ukiwamo Geita unaopakana na Kagera, pamoja na vifaa bora na matumizi ya takwimu za kila kituo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Somo kwa viongozi wa mpakani ni la wazi. Zoezi linalofanywa kwa ajili ya picha na posho halimwandai mtu. Zoezi lenye manufaa humalizika kwa kikao ambacho aliye mdogo kwa cheo anaruhusiwa kusema mkuu wake alikosea wapi, kasoro zikaandikwa, kila moja ikapewa mwenye kuirekebisha na tarehe.

Kisha zoezi hurudiwa, kwa kuwa watumishi huhamishwa na namba za simu hubadilika. Abiria mwenye homa naye hatatoa taarifa ya siku atakayoshuka Kabanga.